Madeira: tripu ya jeep ya siku nzima na bi mkubwa, inawezekana au ntamuumiza?

BintiUpanga:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa waliowahi kufika Madeira, kile kisiwa cha Ureno kule Atlantiki. Mi naishi Ujerumani, bi mkubwa kaja kunisalimia kutoka Dar, ana miaka 66, mgongo unamsumbua kiasi ila anatembea vizuri tu, na nina mwanangu wa miaka 7 ambaye gari ikianza kona kona anaomba mfuko wa kutapikia. Tiketi tumeshakata, tunaenda mwezi wa kumi, tunafikia Funchal.

Sasa nikiangalia mtandaoni kila mtu anasifia hizi tripu za jeep za siku nzima, mnachukuliwa hotelini asubuhi na Land Rover iliyofunguliwa paa, mnazungushwa milimani mpaka jioni. Kuna ya magharibi na kuna ya mashariki, bei nayoiona ni kama Euro 60 kwa kichwa. Kwenye picha watu wote ni vijana wamesimama wamenyoosha mikono juu, sijaona hata mmama mmoja. Wifi yangu anasema huko ni kupigwa hela, nikodi gari tu niendeshe. Nyie mnasemaje? Na kama tunaenda, tuchukue upande gani maana zote mbili mfuko hauruhusu. Halafu sisi ni Waislamu, chakula huko kikoje? Na viza ya mama ni ya kuingia mara moja tu, isije ikawa shida kutoka Ujerumani kwenda kisiwani.

MlimaNyika:
Karibu dada. Nianze na viza maana hiyo ni fupi, Madeira ni sehemu ya Ureno na Ureno ipo Schengen, zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, kwahiyo mkitoka Ujerumani mnahesabika hamjatoka, viza ya kuingia mara moja inatosha ili mradi siku zake hazijaisha. Ila abebe pasipoti, asije na kopi.

Kuhusu mgongo, kinachoumiza kwenye zile gari ni kiti, barabara haina neno sana. Nyingi ni Land Rover Defender ndefu, zile 110, na kule nyuma viti vimewekwa ubavu mnatazamana kama kwenye gari za polisi. Ukikaa hivo huku gari inapanda kona, unatupwa mbele na nyuma siku nzima, mtoto anayetapika atatapika na mwenye mgongo atalalamika. Kiti cha mbele pembeni ya dereva ni kitu kingine kabisa. Sasa usilipe chochote mpaka uwaandikie na wakujibu kwa maandishi kwamba bi mkubwa anakaa mbele. Wakikwambia "tutaona asubuhi" achana nao, asubuhi atakuta Mjerumani mwenye futi sita na nusu keshakaa. Kuna kampuni zenye gari mpya ambazo viti vyote vinatazama mbele, uliza hilo pia.

Na barabara zenyewe, usidhani siku nzima mnaruka mashimo. Sehemu kubwa ni lami, ile ya vumbi na mawe ni vipande vipande kwenye misitu na mashamba, wanapita huko ili msikie mmepanda jeep kweli.

Upande gani? Kama ni mara ya kwanza na ni mmoja tu, chukua magharibi. Kawaida wanaanzia Câmara de Lobos, kijiji cha wavuvi ambacho Churchill alikwenda kuchora picha 1950, halafu Cabo Girão kwenye lile jukwaa la kioo, unatazama chini mita 580 moja kwa moja hadi kwenye vijishamba vya watu vilivyo chini ya jabali, hapo kuna kiingilio kidogo. Bi mkubwa akikataa kukanyaga kioo usimlazimishe, pembeni pana mahali pa kawaida na anaona vilevile. Baada ya hapo mnapanda Paul da Serra, hii ndo inashangaza maana kisiwa chote ni milima iliyosimama wima halafu ghafla kule juu, karibu mita 1,500, unakuta uwanda bapa wa nyasi na ng'ombe wanakatiza barabara. Mnashuka Fanal kwenye miti mikongwe, mnateremka Porto Moniz kwenye mabwawa ya mawe ya volkano ambayo bahari inayajaza yenyewe, hapo ndo wengi wanakula mchana. Mnarudi kwa Seixal penye ufukwe wa mchanga mweusi, kisha São Vicente, kisha mnakatiza milima kurudi kusini. Jioni mpo hotelini.

KodiMwenyewe_88:
Wifi yako ana akili. Watu watatu mara 60 ni 180, kwa hela hiyo unakodi kagari hata siku tatu na mafuta juu. Mnasimama mnapotaka, mtoto akitaka kutapika mnasimama, mama akitaka kuswali mnasimama. Mi nilizunguka kisiwa chote na kagari kadogo na sikufa. Barabara zao ni nzuri, wamechimba mahandaki kila mahali kwa hela za Umoja wa Ulaya, toka Funchal mpaka Porto Moniz unaweza usione kona ya maana. Hizo jeep ni za kupigia picha.

MlimaNyika:
@KodiMwenyewe_88 hapo kwenye mahandaki ndo penyewe ndugu yangu. Ukipita mahandaki umefika haraka lakini umeona nini, ukuta na taa? Uzuri wa kile kisiwa upo kwenye barabara za zamani zilizokatwa ubavuni mwa majabali. Ile ya zamani kati ya São Vicente na Porto Moniz sehemu kubwa imefungwa kwa sababu mawe yanaporomoka, ila ukisimama pale Véu da Noiva unaona maporomoko ya maji yanaanguka juu ya kipande cha barabara ileile, yani unajiuliza mabasi yalikuwa yanapitaje. Na vijiji vya juu vina mteremko ambao kagari ka injini ndogo kenye watu wanne na mizigo utaweka gia ya kwanza ukiwa unasoma dua zote unazozijua. Dada atakuwa anaendesha anaangalia kona, mama anaangalia yeye, mtoto anatapika nyuma, hakuna aliyeona kitu.

Halafu kuna suala la mawingu na hili ndo linafanya mi nimlipe mwenyeji bila kinyongo. Upepo wa baharini unatoka kaskazini mashariki na unyevu wake, ukigonga milima unapanda na kugeuka wingu, kwahiyo kaskazini inanyesha wakati Funchal watu wanaota jua. Wingu linaweza kukaa katikati ya mlima, chini ukungu mtupu, ukivuka unatokea juu yake jua kali. Dereva mzoefu asubuhi anaangalia zile kamera za mtandaoni, anapiga simu mbili tatu kwa wenzake, na anageuza njia, anaanza na pale atakapomalizia. Mgeni na gari la kukodi ataenda kusimama kwenye ukungu saa nzima anasubiri ufunguke.

MamaWawili_Hamburg:
Shoga mi nilienda na wanangu tripu ya jeep, nikupe ya kina mama maana hawa wanaume wanabishana gari.

Mtoto wa miaka 7 sheria ya Ureno inataka kiti chake, chini ya miaka 12 na hajafika sentimita 135 lazima akalie kile kiti cha kuinua. Waambie mapema umri na urefu wake, wengine gari zao za zamani hazina mkanda wa kufungia hicho kiti vizuri na watakuja kukukatalia pale pale hotelini, ndo kilichotukuta sie na kampuni moja, tukahamia nyingine kesho yake. Asubuhi mpe mkate mkavu na ndizi, maziwa usithubutu. Dawa ya kichefuchefu apewe kabla hamjaondoka, mkishaanza kupanda imekula kwenu. Na kusimama kwenye paa lililofunguliwa, cha ajabu wanangu hawakutapika walipokuwa wanapigwa na upepo, walitapika tulipofunga paa kwa mvua lol

Chakula: samaki, samaki, samaki. Waombe espada, ni samaki mweusi mrefu wa kilindini, sura mbaya kama nini ila nyama laini, wanamweka na ndizi ya kukaanga juu yake na bi mkubwa atajisikia nyumbani. Kuna mkate wao unaitwa bolo do caco, una viazi vitamu ndani, wanaupaka siagi na kitunguu saumu, mtoto ataishi kwa huo. Mishikaki yao mikubwa ya ng'ombe wanachoma kwenye vijiti vya mti wa msituni, inanukia mpaka barabarani, ila kuchinja kwake sikuweza kujua so sisi tulibaki na samaki. Chakula cha mchana mara nyingi hakimo kwenye bei, uliza.

Na muwe macho na poncha!! Madereva wengi wana kale kabaa wanakosimama ili "mwonje kinywaji cha kienyeji". Ni pombe ya miwa na asali na limao, na kuna ile ya pasheni, inanukia na ina ladha ya juisi kabisa, bi mkubwa anaweza kumaliza glasi akaomba nyingine. Sema mapema nyie hamnywi, watawapa juisi.

KibosholoKale:
Mi niongeze kitu kimoja ambacho hakuna aliyegusa, LEVADA. Ni mifereji ya maji iliyochongwa milimani, ukiijumlisha yote inapita kilometa 2,000, kwenye kisiwa ambacho urefu wake haufiki hata 60. Maji yapo kaskazini kwenye mvua, mashamba ya ndizi na zabibu yapo kusini kwenye jua, kwahiyo toka Wareno walipoanza kuhamia pale miaka ya 1420 watu wamechonga miamba kuyaleta maji upande wa pili. Sisi Wachaga wa Kilimanjaro tukiona vile tunacheka tu, ni mfongo wa babu, ile mifereji yetu ya mashambani! Kuna hadi zamu, kila mkulima ana saa zake za kufunguliwa maji kama kwetu. Mwambie dereva asimame kwenye levada moja iliyo tambarare mtembee robo saa, mtaona maji yanatembea kimya kimya pembeni ya njia, na kwakuwa mfereji unashuka kidogo sana hata mwenye mgongo anatembea.

Na ile miti ya Fanal msiiangalie kama miti ya kupigia picha tu. Ni msitu wa aina ya zamani sana, mamilioni ya miaka nyuma ulikuwa umeenea kusini mwa Ulaya, barafu ikaumaliza huko ukabaki kwenye visiwa kama hivi. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 1999. Majani yake yanakamata ukungu, matone yanadondoka, yanazama ardhini, yanatokea kwenye chemchem, yanaingia levada. Kwahiyo mkikuta ukungu Fanal msinune, ndo kazi yenyewe inafanyika, na ile miti ndani ya ukungu ni mizuri kuliko kwenye jua.

KodiMwenyewe_88:
Haya nimeelewa, ila bado mashariki nisingeiacha. Kile kilele cha Pico do Arieiro, mita 1,818, lami inafika mpaka juu kabisa, kwahiyo hiyo siku akodi gari au teksi aende mwenyewe alfajiri. Huko ndo kuna maana ya kuwa juu ya mawingu.

MamaWawili_Hamburg:
Alfajiri na mama wa miaka 66 kwenye baridi ile? Wewe una mama kweli? Kule juu kuna siku za baridi kali hata theluji inadondoka, Funchal watu wamevaa kaptula. Kama ni ya ziada ampeleke Eira do Serrado, sio mbali na mjini, mita 1,095, unatazama chini bonde la Curral das Freiras ambako watawa wa kike walikimbilia kujificha wakati maharamia walipovamia Funchal 1566. Ukilitazama lile bonde unaelewa kwanini hawakufuatwa. Nusu siku inatosha na mama anapata kahawa yake.

MlimaNyika:
Hilo la Serrado naunga mkono. Lingine, tripu usiiweke siku ya kwanza wala ya mwisho. Uwanja wa ndege wa Madeira njia yake ya kurukia imejengwa juu ya nguzo pembeni ya bahari na upepo unasumbua sana, kuna siku ndege zinazunguka zinashindwa kutua zinapelekwa kisiwa jirani cha Porto Santo au Lisbon. Weka katikati, na uchague kampuni inayokuruhusu kubadilisha siku hali ya hewa ikiwa mbaya. Nguo: koti la upepo kwa kila mtu hata kama asubuhi kuna joto, na bi mkubwa ajifunge mtandio vizuri, paa likifunguliwa mtandio mwepesi unaenda zake.

BintiUpanga:
Jamani asanteni mno, nimecheka hapo kwa mtandio mpaka bi mkubwa kauliza kuna nini. Nimemsomea yote, amesema kioo hakanyagi ila samaki mwenye ndizi anamtaka. Nimeandikia kampuni mbili, moja imejibu leo: kiti cha mbele ni chake, kiti cha mtoto wanacho, watu wasiozidi sita. Magharibi basi. Wifi sijamwambia bado.

La mwisho, Porto Moniz mwezi wa kumi maji si yatakuwa barafu? Dogo kashasikia neno bwawa.

MamaWawili_Hamburg:
Mwezi wa kumi ndo mzuri, bahari imekusanya joto la kiangazi lote, inafika nyuzi 22 au 23, mwezi wa tano ndo ungelia. Mnunulie viatu vya maji, yale mawe yanachubua. Kiingilio ni hela kidogo, siku mawimbi yakizidi wanafunga, na muulize dereva mapema mnakaa hapo muda gani maana wengine wanawapa saa moja ya kula na kuogelea kwa pamoja, na huo muda ni mdogo kwa vyote viwili.