Naomba ushauri: niandike "kinanda" au "ogani"?

Mwalimu_wa_Kwaya
Wakuu, habari za jioni. Naandaa kijitabu cha kuwafundisha vijana wa kwaya juu ya kile kinanda kikubwa cha mabomba. Kote nimeandika "kinanda". Mzee mmoja wa kanisa kanirudishia: kinanda ni cha nyuzi, hiki kinapulizwa, andika "ogani". Nimekwama, sitaki vijana waanze na kosa. Na yale majina ya sauti zake, diapasoni na burdoni, yametoka wapi?

Binti_Mwambao
Mzee ana hoja. Huku pwani kinanda cha kale kilikuwa cha nyuzi, ndugu yake gambusi. Vyombo vya wageni vilipokuja vikapewa jina hilohilo, hata gramafoni ikaitwa kinanda cha santuri. Kwa hiyo hujakosea, neno limepanuka. Mara ya kwanza andika "kinanda cha mabomba", msomaji asipotee.

Ticha_Baiolojia
Mkuu, ukiandika "ogani" peke yake wanafunzi wangu watawaza ini na figo. Na ni neno lilelile! Kigiriki *organon* ni kifaa, chombo cha kufanyia kazi. Halisemi lolote kuhusu kupuliza.

Fundi_Zumari
Linalosema kupuliza ni *hydraulis*: *hydor* ni maji, *aulos* ni zumari. Ndicho kinanda alichobuni fundi Ktesibios wa Alexandria, Misri, karne ya 3 KK. Maji hayakuingia kwenye mabomba. Uzito wake ulituliza mgandamizo wa hewa ili sauti isiyumbe.

Burdoni ni Kifaransa, jina la nyuki mkubwa anayevuma. Sikiliza bomba lile nene la mbao, utamsikia.

Ila diapasoni ndiyo ya kumpelekea mzee. Kigiriki *dia pason chordon*, "kupitia nyuzi zote", yaani oktavu nzima, kutoka do hadi do ya juu. Sauti iliyo uti wa mgongo wa kinanda cha mabomba ina jina lililozaliwa kwenye nyuzi.

Mwalimu_wa_Kwaya
Fundi, hapo umenifungua macho. Nyuzi zimo ndani ya bomba! "Kinanda cha mabomba" ukurasa wa kwanza, kisha "kinanda" tu. Diapasoni naipa aya yake, na Jumapili namsomea mzee kabla sijachapisha.

Binti_Mwambao
Msomee, halafu umuulize kama aliwahi kusikia kinanda cha nyuzi kikipigwa. Akikubali kusimulia, mwandike naye humo.