Kipimo cha sukari kwa wajawazito: wapimwe wote au wenye hatari tu?

Habari zenu ndugu zangu, hasa kina mama wenzangu, naomba tulijadili hili maana limenikaa moyoni.

Mimba yangu ya tatu sikukosa kliniki hata moja. Kila nikienda napimwa uzito, presha, wingi wa damu, natoa mkojo, nesi anachovya kijiti anasema mkojo safi mama, narudi nyumbani roho kwatu. Siku ya kujifungua kichwa kikatoka mabega yakakwama, wakanikunja miguu mpaka magoti yakagusa kifua huku mmoja ananikandamiza juu ya kinena, mtoto akatoka na kilo 4.7, na haikupita muda sukari yake ikashuka akawa anatetemeka mikono. Ndio daktari ananiuliza, ulishapimwa sukari? Sijawahi.

Kumbe mkojo hautoshi, mjamzito anaweza kutoa sukari kwenye mkojo na akawa mzima, na mwingine anaumwa mkojo usionyeshe kitu. Kipimo chenyewe ni kati ya wiki 24 na 28, unaenda hujala toka usiku, unatolewa damu, unakunywa glukosi gramu 75, unatolewa tena baada ya saa moja na baada ya mbili. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilisema kabla ya kunywa sukari ya damu ikifika 5.1 (kwa milimoli kwa lita), au 10.0 saa ya kwanza, au 8.5 saa ya pili, moja tu kati ya hizo inatosha kuwa ni kisukari.

Wanaosema wapimwe wanene na wenye kisukari kwenye ukoo, mimi sio mnene, na kwetu hakuna mwenye sukari tunayemjua, sasa nani aliwahi kupimwa? Mimi nasema wote.

Mkunga, zahanati ya kijijini:
Pole sana dada. Nakuunga mkono nusu. Mama katembea toka alfajiri na njaa, ukimpa yale maji matamu akatapika ndio basi, arudi siku nyingine, na wengi hawarudi. Halafu damu ikikaa kwenye chupa inasubiri bodaboda ya kwenda wilayani seli zinaendelea kuila ile sukari, jibu linakuja chini, anaambiwa yuko sawa kumbe sio.

Baba wa watoto wawili:
Na hivyo viwango vimetokana na utafiti wa HAPO wa 2008, ule wa sukari ya mama na matokeo ya mimba, wajawazito zaidi ya 23,000 kwenye nchi 9, hakuna hata moja ya Afrika. Mke wangu alisoma 5.1 kamili, akalia wiki nzima, akaogopa kula mpaka akapungua.

Mwanzisha mada:
Kaka mpe pole shemeji, ila hapo alikosa mtu wa kumkalisha chini amwambie punguza ugali, chai usitie sukari, ongeza mboga, tembea kidogo, wengi wanakaa sawa kwa hayo tu bila dawa. Mkunga nimekuelewa, basi si tuanze na kutoboa kidole asubuhi kabla hajala, hapo hapo zahanati, atakayesoma juu ndio aende wilayani? Mwanangu ana miezi minane, toka mabega yalipokwama mkono wa kushoto bado haunyanyuki kama wa kulia, kila Jumanne tuko mazoezini. Hapo kwenu mashine na stripi zipo?