Nati ya mapengo manne imegoma: ninunue boksi yake, nichonge mwenyewe, au nimpe fundi wa tindo?

Kijana_Gungu
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, pikipiki iko chini tangu Jumatano na hesabu ya bosi haisubiri. Nimefungua upande wa klachi, ndani kuna nati ya duara yenye mapengo manne, haina pembe za kushika spana. Imegoma. Naona njia tatu: niagize boksi yake, yaani soketi ya kuifungulia, Dar ije na basi, nichonge ya kwangu kutoka kwenye boksi kuukuu, au nimrudishie fundi wa mtaani anayesema kwa tindo na nyundo ni dakika tano tu. Ipi bora?

Dereva_Kasulu
Pikipiki gani?

Mzee_wa_Jiriwa
Kijana, swali lako halijakamilika. Pikipiki gani, nati iko kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) au kwenye klachi, umeshajaribu nini, na mapengo yake bado mazima? Na kwa nini unataka kuitoa? Wengi wanaifungua bila sababu. Kama ni kusafisha tu, unafungua kile kifuniko cha skrubu tatu cha kikombe cha kuchujia oili unafuta tope, nati huigusi.

MamaSpea_Mwanga
Tuma na picha basi, mdogo wangu. Hapa dukani nina boksi za aina mbili na hazifanani.

Kijana_Gungu
Shikamoo mzee. Samahani, nilikuwa na haraka. Ni 125 ya Kichina, injini ya muundo wa Honda CG. Nati iko kwenye krenki, imeshika kile kikombe kinachochuja oili. Nataka kutoa gia ndogo iliyo nyuma yake, meno mawili yamemeguka, na nimekuta vipande vya chuma kwenye oili. Sahani za klachi nimetoa, nyumba yake bado ipo. Pengo moja lina kovu, fundi aliligonga mara mbili nikamzuia. Picha simu yangu haitoi vizuri.

Mzee_wa_Jiriwa
Marahaba. Sasa tunaongea. Ni kweli, gia hiyo huifikii bila kutoa kikombe, na kikombe hakitoki bila nati. Uzi wake ni wa kawaida, inafunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa. Usimruhusu tena mtu wa tindo.

Baba_Zawadi
Mimi naona mnamtisha bure. Weka dizeli uchanganye na mafuta ya breki, acha ilale usiku kucha, asubuhi gonga kidogo. Kutu yote inaachia. Nimefungulia nati za boti pale Kibirizi kwa njia hiyo miaka na miaka.

Mzee_wa_Jiriwa
Ndugu Baba Zawadi, za boti nakubali, zile zinakaa kwenye maji. Hii inaoga oili kila siku injini inapozunguka, kutu itoke wapi? Imekazwa tu kupita kiasi, au aliyeifunga mwisho aliigonga kwa tindo hadi mapengo yakalala. Dizeli haitasaidia kitu. Kinachotakiwa ni kifaa kinachokaa vizuri kwenye mapengo yote manne kwa wakati mmoja, na krenki isizunguke. Basi.

Dereva_Kasulu
Kijana, ngoja nikueleze yaliyonikuta, usije ukarudia. Mwaka juzi nilikuwa na pikipiki ya mkataba, imebaki miezi minne iwe yangu. Ikaanza kulia upande wa klachi, mlio kama wa kinu cha kusaga mahindi. Nikapeleka kwa fundi mmoja, jina nalihifadhi. Akaweka tindo kwenye pengo, akagonga. Pengo likafumuka. Akahamia la pili, likafumuka. La tatu akaweka bisibisi kwenye meno ya gia ili krenki isizunguke, jino likakatika likadondokea ndani ya injini na hakuniambia. Nati ilitoka, ndiyo, lakini ilitoka na uzi wa krenki. Alipofunga mpya ikawa haikazi, inazunguka tu, akachomelea nukta mbili kuishikilia. Nikaondoka nikidhani kazi imeisha. Siku ya tisa niko njia ya Kibondo na abiria na magunia mawili ya maharage, injini ikakaza ghafla, tairi la nyuma likaburuza. Mungu alisaidia hatukuanguka. Kufungua: nukta za kuchomelea zimeachia, kikombe kimekula kifuniko, na krenki imepinda. Zile krenki zimeunganishwa kwa kushindiliwa, ukizigonga gonga pembeni zinahama. Tukashusha injini nzima. Bosi akasema mkataba umevunjika, pikipiki akaichukua. Miezi minne tu ilikuwa imebaki.
Kwa hiyo dakika tano za tindo mimi zilinigharimu pikipiki.

MamaSpea_Mwanga
Pole sana kaka. Inauma.

Kijana_Gungu
Pole kaka. Yangu nayo ni ya mkataba, imebaki saba. Basi tindo nimeifuta. Imebaki kununua au kuchonga.

Tabora_Ipuli
Nunua. Boksi ya meno manne ya kiwandani ni chuma kigumu, haipindi, na utaitumia maisha yako yote. Ya kuchonga utaivunja mara ya kwanza.

FundiVyuma_Ujiji
Napinga. Za dukani nyingi siku hizi meno yake ni mafupi na yana mteremko pembeni, ukiweka nguvu linapanda linateleza nje ya pengo. Mimi nimechonga zaidi ya tano, zote zinafanya kazi. Siri iko kwenye chuma unachoanza nacho. Usitumie bomba la maji, meno yatalala kama nta. Tafuta boksi kuukuu nene, kipenyo chake kilingane na cha nati, pima kwa kalipa (kipimo cha taya mbili). Kisha paka nati grisi iliyochanganywa na masizi, bandika kipande cha karatasi ngumu juu, utapata alama ya mapengo. Kata karatasi, igundishe kwenye mdomo wa boksi, hapo ndipo unakata kwa grenda, jiwe jembamba la milimita moja. Acha jino nene kidogo kuliko pengo, halafu malizia kwa tupa hadi liingie kwa kubana. Pembeni za jino ziwe wima kabisa. Urefu wa jino usizidi kina cha pengo, la sivyo litagusa washa (pete bapa) iliyo chini na boksi haitakaa.
Na kila ukikata kidogo chovya kwenye maji. Chuma kikigeuka rangi ya bluu ugumu umekwisha.

Baba_Zawadi
Chuma bora ni springi ya gari. Ile ya lori.

FundiVyuma_Ujiji
Springi ni ngumu, lakini utaipindaje iwe duara na itoshee? Labda uipeleke kwa mhunzi kwanza.

Baba_Zawadi
Wahunzi wapo. Babu zetu wa Buha walifua majembe kabla ya grenda kuwepo.

FundiVyuma_Ujiji
Hilo sikatai mzee wangu, ila huyu ana haraka.

Tabora_Ipuli
Hata akichonga, krenki itazunguka. Aweke gia ya nne, mtu akanyage breki ya nyuma.

Mzee_wa_Jiriwa
Amesema sahani za klachi ameshatoa. Gia na breki haziwezi tena kushika krenki, nguvu inapita kwenye sahani hizo. Atumie moja ya njia mbili. Ya kwanza, aweke kipande cha alumini laini au shaba kati ya gia ndogo na gia kubwa ya nyumba ya klachi, upande ambao meno yanaingia kuumana anapofungua. Asitumie bisibisi, umeona yaliyompata ndugu yetu. Lakini wewe kijana gia yako ina meno yaliyomeguka, kwa hiyo mimi ningechagua ya pili: toa plagi ya cheche, hakikisha valvu zote mbili zimefunga, pistoni iko chini kidogo ya kilele ikiwa inapanda kwa upande unaofungulia, kisha ingiza kamba laini ya nailoni ndani hadi ijae. Ncha ibaki nje. Pistoni itaibana kamba na krenki itasimama bila kuumia.

MamaSpea_Mwanga
Hii ya kamba sijawahi kuisikia! Asante mzee.

Dereva_Kasulu
Na nati mpya anunue, asirudishe ile yenye kovu. Na washa yake pia.

Tabora_Ipuli
Swali la pembeni: hizi injini hazina filta ya karatasi, ni hicho kikombe na kichujio cha waya tu. Mnabadilisha oili kila baada ya muda gani? Mimi kila wiki mbili.

Baba_Zawadi
Wiki mbili ni kupoteza hela. Mwezi.

Dereva_Kasulu
Mwezi kwa bodaboda ya vumbi la Kasulu? Hapana jamani. Oili ikitoka nyeusi kama lami tope lote limeshajaa kwenye kikombe.

Baba_Zawadi
Inategemea oili. Ya kupima kwenye madumu ndiyo inayowaua.

MamaSpea_Mwanga
Hapo mzee umesema kweli tupu.

Kijana_Gungu
Wakuu nashukuru sana. Nimepata boksi kuukuu nene kwa fundi wa malori pale Katubuka, kwa kalipa inatofautiana na nati kwa nusu milimita. Alama za karatasi nimeshachukua. Lile pengo lenye kovu ndilo linanitatiza, je nilisawazishe kwa tupa ndogo au niache jino moja liwe jembamba?

FundiVyuma_Ujiji
Sawazisha pengo, lakini ziba kikombe chote kwa kitambaa chenye grisi kwanza, chembe zisiingie kwenye tundu la oili la krenki. Jino usilipunguze.

Tabora_Ipuli
Mimi bado nasema angenunua.

Mpya_Uvinza
Habari wakuu. Hiyo boksi ikikamilika inaweza kuingia na kwenye Boxer? Yangu nayo inalia upande wa klachi.

Mzee_wa_Jiriwa
Boxer ya mwaka gani, na mlio unaanza ukibana klachi au ukiachia?