MJADALA: Anayetaka kujifunza Wicca aanze peke yake, au lazima aingizwe na kundi?

Wadau habari zenu, naomba hili tulijadili kwa utulivu maana kila likiguswa watu wanagombana. Kuna wanaosema huwezi kujiita Mwicca, yaani mfuasi wa dini ya Wicca, mpaka uingizwe kwa ibada na mtu ambaye naye aliingizwa na mwingine kabla yake, na kuna wanaosema vitabu viwili vitatu na mshumaa vinatosha, huhitaji ruhusa ya mtu. Mi niko London mwaka wa tisa huu, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na njia hii nimeifuata kama miaka minne sasa. Msimamo wangu nautoa mapema: mgeni aanze peke yake, aanze na historia, mwaka mzima, ndo baadaye atafute kundi kama bado analitaka.

Najua kuna ndugu atauliza "si uchawi tu huo?" Hapo Kiswahili chetu kinanibana kwelikweli, maana uchawi kwetu ni kuroga, ni kumdhuru mtu, na mimi natokea kanda ya ziwa ambako bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua na moshi wa jikoni miaka yote ya kutupikia sisi. Kwa hiyo neno mchawi silichezei hata kama wenzangu wa huku wanajiita hivyo kwa lugha yao na wanaona fahari. Wicca ni dini, ina mungu wa kike na mungu wa kiume, inafuata mwezi na majira, na kanuni yao inayotajwa sana ni fanya utakalo ilimradi humdhuru mtu. Mama akiniuliza kwenye simu huwa namwambia ni dini ya zamani ya Wazungu, na hata hapo nakuwa sijasema kweli, manake si ya zamani.

Na hili ndilo mgeni anatakiwa kulijua kwanza. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa 1884, alikuwa ofisa forodha kule Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, akastaafu akarudi kwao 1936. Alisema aliingizwa mwaka 1939 na kundi la New Forest, kusini mwa Uingereza, na sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilipofutwa 1951 akapata nafasi ya kusema wazi, kitabu chake kikubwa kikatoka 1954. Aliamini ni mabaki ya dini ya kale kabla ya Ukristo, wazo alilolieneza mwandishi Margaret Murray toka 1921, lakini wanahistoria wamelikataa, na ukisoma The Triumph of the Moon ya Ronald Hutton, profesa wa Bristol, ya mwaka 1999, unaona vizuri jinsi dini hii ilivyoshonwa karne ya 20 kwa vitambaa vya zamani na vipya. Doreen Valiente aliyeingizwa na Gardner mwenyewe mwaka 1953 aligundua maneno mengi ya kitabu cha ibada yametoka kwa Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa elimu za siri, akamkabili Gardner, naye akamwachia ayaandike upya kama anaona anaweza. Akaandika, na mengine yanasomwa kwenye ibada mpaka leo. Mimi hapo ndipo nilipoipenda zaidi hii dini, kujua kwamba mwanamke alikaa chini na kalamu akaitengeneza vizuri.

Sasa kwa nini nasisitiza historia, ni kwa sababu imenigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nililipia kozi ya mtandaoni, pauni 120, wiki saba, mwisho unapewa cheti cha ukuhani, na mwalimu alituambia ukoo wake unatoka kwa wanawake waliochomwa moto Uingereza kwa ajili ya imani hii hii. Nililia siku ile, nikawakumbuka bibi zetu. Baadaye nikaja kusoma kwamba England waliohukumiwa kwa uchawi walinyongwa, adhabu yao haikuwa moto, na walikuwa Wakristo wa kawaida tu waliosingiziwa, hawakuwa na dini ya siri. Ningesoma kitabu kimoja kabla, nisingetoa ile hela wala yale machozi. Na makundi yenye mizizi kwa Gardner hayatozi hela kumwingiza mtu, kwa hiyo ukisikia bei ya kuingizwa, ondoka.

Jamaa wa Tanga ninayekaa naye nyumba moja ananipinga, na hoja yake ina uzito. Anasema hii ni kama silsila kwenye tarika, ule mnyororo wa mashehe wa kisufi, mtu hajipi ijaza, yaani idhini, mwenyewe, lazima kuwe na mkono uliokushika na mkono uliomshika yeye. Ni kweli, njia ya Gardner na ile ya Alex Sanders iliyokuja miaka ya 60 zinaenda hivyo hivyo, kuna daraja tatu, kwa kawaida unasubiri mwaka na siku moja, na kuna mambo wameapa kutoyatoa nje. Hayo huwezi kuyapata kwenye kitabu na usijiite mfuasi wa Gardner kama hawajakuingiza, huo ni uongo. Lakini toka Scott Cunningham alipotoa mwongozo wake kwa wanaofuata peke yao, 1988, wengi sana wameanza hivyo na ibada zao ni za kweli. Na silsila yenyewe ukiifuata kwenda nyuma inaishia kwa babu mmoja wa forodha na watu wachache wa New Forest, sasa kwa nini ya mtu aliyeanza jikoni kwake iwe batili?

Halafu makundi mengine hufanya ibada uchi. Halina ubaya kwa watu wazima waliokubaliana, lakini mgeni aambiwe mapema, na ajue anaweza kusema hapana, na aliye chini ya miaka 18 asikubaliwe kabisa. Mtu aliyekaa mwaka mzima anasoma hadanganyiki kirahisi na anayetumia dini kutafuta miili ya watu.

Mnaouliza kwa vitendo uanze na nini, mi nilianza na daftari la kawaida. Kila jioni tarehe, mwezi ukoje, jua limezama saa ngapi, na kitu kimoja nilichokiona. Tarehe 21 Desemba nilikuwa namlisha supu bibi mmoja ninayemtunza, jua likazama hata saa kumi jioni haijafika, akageukia dirisha akaniuliza kama amelala mchana kutwa. Nikawasha taa, nikaandika, na usiku ule ndo nikaelewa ile sikukuu ya Wicca ya siku fupi kuliko zote, inayoitwa "Yule", ni ya nini, watu wanaliomba jua lirudi.

Kwa walioko nyumbani, kalenda ya Wicca yenye sikukuu nane za mwaka msiibebe kama ilivyo. Mwanza tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki hata nusu saa, Desemba ni mvua, hiyo "Yule" itakuambia nini? Angalia anga lako. Na muwe waangalifu, Waingereza walifuta sheria yao ya uchawi lakini ile waliyotuwekea Tanganyika 1928 bado ipo vitabuni, na jirani hataki maelezo yako akikuona na kisu na bakuli la chumvi mbele ya mshumaa.

Mlioingizwa kwenye kundi nawasikiliza: kuna kitu mlikipata mle ambacho mwaka wa kusoma peke yenu usingewapa? Na kabla ya kukubali, mliwauliza nini?