Naomba ushauri: sampuli za mchanga wenye haidreti zinatoka ngumu mno

Wakuu, habari zenu. Nagandisha haidreti ya methani (kitu kama barafu, maji yaliyofungia gesi ya methani ndani yake) kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, nyuzijoto 4, shinikizo megapaskali 8, kisha naupima nguvu kwa kuukandamiza. Sampuli inagoma kabisa, halafu inakatika ghafla kama biskuti. Nahisi haidreti inajijenga pale punje zinapogusana na kuzishikamanisha kama saruji, wakati kwenye mchanga halisi wa chini ya bahari mara nyingi hukaa katikati ya matundu tu. Nikitanguliza kuujaza mchanga maji, gesi inapenya kwa kusuasua, siku zinakatika.

Je, nijaze maji baada ya haidreti kuganda, au nihamie tetrahidrofurani (kimiminika ambacho nacho huunda haidreti na maji)? Hiyo inachanganyika vizuri na maji, ila haidreti yake si ya methani, na matokeo nayatilia shaka. Mliopitia hili mlifanyaje?