Wi-Fi ya jengo: tuchangie waya wa mtandao wa daraja la Cat6A ama Cat5e yatosha?

MWENYE MADA (Mji wa Kale, Mombasa): Jamani nisaidieni kabla watu hawajashikana mashati. Nyumba yetu ghorofa 3, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene vile mwazijua, Wi-Fi haipiti ukuta wa pili, ndo tukakubaliana kuchanga tuvute waya kila ghorofa na aksesi pointi yake (AP, kile kisanduku cha kurusha Wi-Fi). Sasa vijana wataka Cat6A, wazee wasema Cat5e basi. Mimi niko na wazee. Kutoka kwa swichi ya mtandao, pale nyaya zote zinapoanzia, hadi juu hakufiki mita 40, Cat5e yabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, hata 2.5 yabeba kwa kile kiwango cha mtandao kilichotoka 2016, na laini yetu yenyewe ya intaneti ni megabiti 50! Hizo gigabiti 10 za Cat6A twampelekea nani?

MPANGAJI GHOROFA YA JUU: Leo 50, kesho je? Ukuta huo ukishatobolewa na kuzibwa hakuna atakayekubali utobolewe tena. Waya si ghali kama kazi ya fundi, vuta kitu cha maana mara moja.

FUNDI WAYA, LIKONI: Yakhe mwagombania namba na hamjauliza ndani mna nini. Siku hizi kuna nyaya za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, kwa ganda imeandikwa Cat6 vizuri tu, boksi la mita 305 ukilinyanyua ni jepesi kama mfuko wa pamba. Sasa AP inakula umeme humohumo kwa waya wa mtandao, ndiyo waita PoE, ya kawaida wati 15.4, ile kubwa yake 30, aluminiamu yapitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa hiyo volti zapotea njiani na waya wapata moto, AP yazima yawaka yazima yawaka halafu mwamtukana mwenye intaneti. Nipe Cat5e ya shaba tupu kuliko hiyo, wallahi.

MPANGAJI: Sawa lakini bado Cat6A.

FUNDI: Cat6A ni nene na ngumu kupinda, kwa paipu zenu nyembamba mtalia. Mkitaka gigabiti 10 sana, Cat6 ya kawaida ya shaba yaifikisha mita 55 hivi, na nyinyi ni 40.

JIRANI, NYALI: Na ya nje? Yangu ya roshani ganda limepasuka kwa jua, kichwa cha RJ45 kimeota kijani kwa hii chumvi ya bahari.

FUNDI: Nje ni ile nyeusi ya nje, si hiyo ya kijivu ya ofisini. Kichwa kikae ndani ya boksi lisiloingia maji, na waya uning'inize kitanzi kabla haujaingia, maji yadondokee hapo.

MWENYE MADA: Fundi, katibu alishanunua boksi wiki jana. Nitajuaje?

FUNDI: Kata kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani.

MWENYE MADA: Nimekwangua. Nyeupe kama wali. Na risiti katibu ati hana.