Programu zinachelewa kufunguka kwenye Windows 10: nibadilishe mipangilio gani?

DadaSteshenari

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Ninaendesha steshenari ndogo mjini Morogoro, na ninategemea kompyuta mpakato moja iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Core i3, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500 ya aina ile inayozunguka. Inatumia Windows 10. Kazi zangu kubwa ni kuchapa ripoti za wanafunzi kwa Word na kutengeneza kadi za michango na za harusi kwa Photoshop. Asubuhi Word huchukua karibu dakika nzima kufunguka, na Photoshop huchukua zaidi ya hapo, huku mteja amesimama mbele yangu na flashi yake mkononi.

Fundi mmoja alinishauri nifute kila wiki yaliyomo kwenye folda ya Prefetch, nizime huduma ya SysMain (ile inayopakia mapema kwenye RAM programu zinazotumika mara kwa mara), na nipunguze thamani ya MenuShowDelay kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, kutoka 400 hadi 0. Nimefanya yote matatu kwa mwezi mzima. Menyu zinatokea haraka kweli, lakini programu zenyewe naona kama zimezidi kuchelewa. Ni mipangilio gani hasa inayoharakisha ufunguaji wa programu?

Mwambao77

Pole, dada. Kwanza acha kufuta folda ya Prefetch, kwa sababu hapo ndipo umekuwa ukijipunguzia kasi. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, mfumo hufuatilia sekunde 10 za mwanzo za kila programu inayofunguliwa na kuandika ni sehemu zipi za mafaili zilizosomwa, ili safari inayofuata uzisome mapema na kwa mpangilio mzuri. Ukiifungua folda hiyo utakuta faili ambalo jina lake linaanza na WINWORD.EXE, hayo ndiyo maelezo ya Word. Kila unapolifuta, Windows inalazimika kujifunza upya, na wewe umeilazimisha hivyo kila wiki.

Mpangilio huo una thamani kubwa kwenye diski kama yako. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Ili kusoma kipande kimoja, kichwa cha diski husogea hadi mahali pake, kisha hungoja sehemu inayotakiwa ipite chini yake, kwa hiyo vipande vilivyotawanyika vinavyosomwa kwa sekunde moja havifiki hata 100. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, nayo husoma vipande vya namna hiyo makumi ya maelfu kwa sekunde.

MenuShowDelay ni milisekunde ambazo Windows hungoja kabla ya kuonyesha menyu ndogo. Haigusi kabisa upakiaji wa programu.

Kabla hujabadilisha lolote, fanya jaribio moja. Washa kompyuta, ngoja dakika tano, fungua Word huku ukihesabu sekunde, ifunge, kisha ifungue tena. Mara ya pili sehemu kubwa ya mafaili yake huwa bado imo kwenye RAM. Ikifunguka haraka, kinachokuchelewesha ni diski. Ikichelewa vilevile, tutatafuta sababu nyingine.

FundiWaUsiku

Nakubaliana na Mwambao77 kuhusu Prefetch, lakini kuhusu SysMain nadhani fundi wako hakukosea sana. Nimeona kompyuta nyingi za GB 4 ambazo diski yake hubaki kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuwashwa, na huduma hiyo ikiwa miongoni mwa zinazoisoma. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone ni nani anayetumia diski. Mara nyingi utakuta antivirusi mbili zinazokagua mafaili yaleyale, au programu za kuhifadhi picha na za mawasiliano zinazojiwasha zenyewe bila wewe kuzihitaji. Zizime humohumo, kwenye sehemu inayoorodhesha programu zinazoanza pamoja na mfumo.

Mwambao77

SysMain husoma kwa kipaumbele cha chini, kwa hiyo programu unayoifungua hupewa nafasi kwanza. Kwa mtu anayefungua programu zilezile mbili kila siku, mimi ningeirudisha, kisha nipime kwa wiki moja.

DadaSteshenari

Nashukuruni sana. Nimefanya jaribio. Word ilichukua sekunde 54 mara ya kwanza na sekunde 21 mara ya pili. Photoshop ilichukua dakika 1 na sekunde 50, kisha dakika 1 na sekunde 5. Nimekuta antivirusi mbili, na nimeondoa moja. Labda niongeze kwamba nina fonti zaidi ya 2,000 za kadi, na printa iliyochaguliwa kwenye kompyuta hii ni ya duka la jirani, inayofikiwa kwa mtandao wa Wi-Fi na ambayo mara nyingi huwa imezimwa.

FundiWaUsiku

Dada, umetaja sababu mbili kubwa. Word inapoanza huulizia printa iliyochaguliwa, na ikiwa printa hiyo haijibu, Word hungoja. Chagua printa yako mwenyewe, na uzime ile hiari inayoiacha Windows ikuchagulie. Photoshop nayo hupitia fonti zote zilizosakinishwa. Bakiza zile unazotumia kila wiki, na nyingine uziweke kwenye folda ya kawaida, ili usakinishe moja pale mteja anapoihitaji.

Ukishamaliza, bandika Word na Photoshop kwenye upau wa chini zikiwa mbili za mwanzo. Kitufe cha Windows pamoja na 1 kitafungua Word, na pamoja na 2 kitafungua Photoshop. Upakiaji wenyewe hautaharakishwa, ila mkono wako hautatoka kwenye kibodi.

Mwambao77

Nakuunga mkono. Kwa fedha utakayoipata, anza na SSD kabla ya RAM, kwa kuwa sekunde zako nyingi za mara ya kwanza zinakwenda kwenye diski. RAM itafuata kwa ajili ya Photoshop. Angalia kwanza umejaza GB ngapi, maana SSD ya GB 240 haitaupokea mfumo wako kama ulivyo ikiwa umekwisha kutumia GB 300. Na kabla fundi hajafungua skrubu hata moja, nakili kazi za wateja kwenye diski ya nje, kisha ujaribu kufungua chache kati yake kwenye kompyuta nyingine.